Samaki wa Antaktika wanaishije kwenye maji ya nyuzi -1.9 bila kuganda?

Muuza_Changu_Tanga

Wakuu habari za jioni. Mimi nauza samaki, nina friza na masanduku ya barafu, kwaiyo samaki kuganda ndo maisha yangu ya kila siku. Sasa kuna video nimeiangalia ya wapiga mbizi kule Antaktika wanazama kwenye tundu walilotoboa kwenye barafu ya bahari, chini kule kuna samaki mdogo kalala juu ya barafu yenyewe, yani tumbo linagusa barafu, na yuko hai anachezesha mapezi na macho anayageuza. Wakasema maji yale ni nyuzi -1.9 mwaka mzima. Mimi samaki wangu nikimfukia kwenye barafu ya kusaga nikachanganya na chumvi kidogo tu asubuhi namkuta amekuwa gogo. Na samaki si kama sisi au nyangumi kwamba ana joto lake mwilini, joto lake ni lile lile la maji. Sasa huyu damu yake inapita vipi kwenye mishipa? Ni chumvi? Ni mafuta? Naombeni mwenye elimu anieleweshe kwa kirefu, nimeshindwa kulala na hili jambo.

KijanaWaFeri

Mkuu hiyo ni chumvi. Maji ya bahari yana chumvi ndo maana yakifika sifuri hayagandi, mpaka yashuke huko kwenye karibu -2. Na samaki wa bahari damu yake ina chumvi pia, kwaiyo bahari isipoganda na yeye hagandi.

Mwl_Bayo

@KijanaWaFeri hapo kwenye bahari uko sawa kabisa, ila kwenye damu ya samaki ndo penye kazi. Samaki wenye mifupa, changu, tasi, jodari na wengineo, damu yao haina chumvi nyingi kama bahari, ni kama theluthi hivi. Ndo maana muda wote samaki wa baharini anakunywa maji na kutoa chumvi kwenye matamvua, asipofanya hivyo bahari inamkausha. Papa ni habari nyingine, yeye damu yake imejaa yurea kwaiyo inakaribiana na bahari.

Sasa hesabu yake iko hivi. Damu yenye chumvi ya kiwango hicho inaganda kwenye -0.7, -0.8, hapo hapo. Maji ya bahari yanaganda -1.9. Maana yake kuna pengo la zaidi ya nyuzi moja ambalo bahari bado ni maji lakini samaki wa kawaida alishatakiwa kuwa barafu. Changu wako wa Tanga ukimtupa kule hamalizi mzunguko mmoja.

Swali lako limewasumbua wakubwa muda mrefu sana. Miaka ya 1950 kuna mwanasayansi anaitwa Per Scholander alienda na wenzake kwenye ghuba moja inaitwa Hebron, Labrador, kaskazini mashariki mwa Kanada, wakapima damu za samaki kiangazi na baridi. Wakakuta mambo mawili tofauti. Samaki wa chini kabisa kwenye kina damu zao zilikuwa za kawaida, zilitakiwa kuganda kwenye maji ya vile, ila hazikuganda kwa sababu kule chini hakuna barafu hata punje, na maji au damu yanaweza kupita kiwango cha kuganda yakabaki maji kama hakuna punje ya kuanzisha. Ukimtoa samaki yule ukamgusisha kipande cha barafu, anaganda pale pale na anakufa unamwona. Lakini wale wa juu, wanaokaa na barafu, wakati wa baridi damu yao ilikuwa imeongezewa kitu fulani kinachozuia kuganda, na kiangazi kitu hicho hakipo. Scholander hakufanikiwa kukijua. Alijua kipo tu.

Bint_Pemba

Aleikum salaam wapendwa. Mimi ni mtu wa maabara, haya mambo nayapenda sana kwaiyo mnivumilie ntaandika kwa urefu, Muuza Changu soma polepole.

Kile ambacho Scholander hakukijua kilipatikana upande wa pili wa dunia. Kijana mmoja wa Kimarekani, Arthur DeVries, alienda kituo cha McMurdo huko Antaktika mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuhudumia utafiti wa samaki, akaona jambo hilo hilo kwamba kuna samaki wa kina kirefu wanaoganda wakiguswa na barafu na kuna wengine hawajali kabisa. Akalivalia njuga. Akachukua damu, akatoa hesabu ya chumvi na vitu vyote vidogo vilivyomo, akakuta vinaelezea kama nusu tu ya kinga yote. Nusu iliyobaki ilikuwa kwenye protini. Mwaka 1969 yeye na wenzake wakatoa matokeo kwenye jarida la Science: ni protini zilizoshikwa na sukari, na zimejaa kwenye damu ya samaki hawa kwa wingi wa kushangaza, gramu kadhaa kwa kila mililita 100.

Muundo wake ni mwepesi mpaka unapendeza. Ni asidi amino (vile vijenzi vya protini) tatu tu, alanini, alanini, threonini, alanini, alanini, threonini, zinajirudia, fupi ina marudio kama 4 na ndefu inafika kama 50, na kila threonini imening'inizwa sukari ya vipande viwili. Karibu yote ni hivyo tu.

Sasa zinafanyaje kazi, hapa ndo watu wengi wanachanganya. Chumvi inashusha kiwango cha kuganda kwa wingi wake, kadri unavyoongeza chembe ndo maji yanazidi kupata shida kujipanga kuwa barafu, haijalishi chembe ni ya nini. Na kiwango cha kuyeyuka kinashuka nacho sawa sawa. Protini hizi hazifanyi hivyo, ukihesabu molekuli kwa molekuli zinashinda chumvi mara mia kadhaa, kwaiyo kwa wingi peke yake haiwezekani. Zenyewe zinafuata barafu. Punje ya barafu ikitokea kwenye damu, zinaenda kuing'ang'ania usoni.

Fikirieni mkeka umetandikwa nje umebanwa kwa mawe huku na huku, upepo ukiingia chini yake mkeka unavimba katikati ya mawe lakini haunyanyuki. Uso wa barafu unakuwa vile. Pale protini ilipokaa barafu haiwezi kuongezeka, katikati ya protini mbili inajaribu kutokeza, inakuwa na kitumbo, na uso uliopinda kiasi kile maji hayakubali kuganda juu yake kirahisi, mpaka baridi iongezeke zaidi. Kwaiyo punje inasimama pale pale ilipo, ndogo vile vile. Haikui. DeVries na mwenzake Raymond ndio waliolieleza jambo hili mwaka 1977.

Na hii unaiona kwa macho kwenye darubini. Unachukua tone dogo mno la damu ile, unaligandisha lote, alafu unapasha taratibu mpaka inabaki punje moja tu ya barafu inaelea. Unaanza kushusha baridi kidogo kidogo. Kwenye maji ya chumvi ya kawaida punje ingeanza kunenepa ukishuka tu kidogo. Hapa unashusha, haitikisiki. Unashusha tena, iko vile vile, ina kona zake zimenyooka kama imechongwa. Unavuka -1.9 ya bahari bado. Ukifika mbele zaidi chini ya -2 ghafla inachomoza miiba mirefu pande mbili na tone zima linakuwa barafu kwa kufumba na kufumbua. Ule umbali kati ya pale punje ilipotakiwa kuyeyuka na pale ilipokubali kukua ndo usalama wa samaki, na kwa hawa wa McMurdo unatosha kabisa kwa sababu bahari haiwezi kushuka zaidi ya -1.9, ikishuka inakuwa barafu.

KijanaWaFeri

Shukrani dada, nimeelewa. Kwaiyo ni protini inayokaa usoni mwa barafu. Ila subiri, umesema "punje ya barafu ikitokea kwenye damu". Si ndo maana yake barafu inaingia ndani ya samaki?

Muuza_Changu_Tanga

Hilo hata mimi nimeliona, nilikuwa najua wanazuia barafu isiingie kabisa. Sasa ikiingia inaenda wapi?

Bint_Pemba

Inaingia ndiyo. Maji ya kule yamejaa vipunje vidogo vya barafu, na mwalimu kashasema samaki wa bahari lazima anywe maji, kwaiyo anakunywa na barafu. Pia matamvua na ngozi vinagusana nayo kila saa. Samaki wa McMurdo wamekutwa na barafu ndani yao wakiwa hai na wazima kabisa, hilo ndo linalonistaajabisha kuliko yote. Wanaishi na barafu mwilini.

Zamani ilidhaniwa protini hizi zinatengenezwa kwenye ini kama protini nyingi za damu. Mwaka 2006 kundi la Christina Cheng wakaonyesha kwamba kwa samaki hawa wa Antaktika inatengenezwa kwenye kongosho na tumboni, inamwagwa kwenye utumbo kwanza, kulinda kile alichokunywa, alafu inafika kwenye damu. Na figo zao hazichuji damu kwa namna ya figo zetu, kwaiyo hawazipotezi kwenye mkojo. Mali ya thamani haitupwi.

Barafu iliyopenya inakusanywa kwenye bandama, pamoja na hiyo protini iliyoing'ang'ania. Na hapo pana jambo gumu. Protini inayozuia barafu kukua inazuia pia barafu kuyeyuka. Mwaka 2014 Cziko, DeVries, Cheng na wenzao walitangaza kwamba barafu ndani ya samaki hawa inaweza kubaki barafu hata maji yakipanda joto kiasi cha nyuzi moja juu ya pale ilipotakiwa kuyeyuka. Walipoangalia kumbukumbu za joto la bahari za miaka mingi pale McMurdo wakaona kiangazi chenyewe hakipandi kutosha kuisafisha. Kwaiyo kuna uwezekano samaki anabeba barafu ile ile muda mrefu sana wa maisha yake. Kinga imekuja na gharama yake.

Mzaramo_Newfoundland

Nimechelewa, nipo Kanada pwani ya Newfoundland, hapa ndo kwenye vitu hivi kwaiyo niongezee kitu cha huku. Msidhani ni Antaktika peke yake. Huku kuna samaki bapa anaitwa winter flounder, ukimwona utasema gayogayo wa kwetu, macho yote upande mmoja, analala mchangani. Huyu protini yake ni tofauti kabisa na hiyo ya sukari, ni kijiti kimoja kilichojisokota, asidi amino 37, nyingi yake alanini, haina sukari hata chembe. Anaitengeneza kwenye ini wakati wa baridi na kiangazi anaacha, sababu ni gharama kutengeneza protini kwa wingi namna ile alafu usiitumie. Anajuaje baridi inakuja? Anasoma urefu wa mchana. Mchana mrefu homoni ya ukuaji inazuia ini lisitengeneze, mchana ukifupika kizuizi kinaondoka, kwaiyo baridi ikifika tayari kajiandaa. Na ngozi yake ina toleo lake la protini hiyo pia.

Samoni wa Atlantiki yeye hana kitu hicho, na wafugaji wa huku wanalijua vizuri, maji ya vizimba yakishuka chini ya -0.7 na kuna vipunje vya barafu, samaki wanakufa vizimba kwa vizimba. Wa porini anahama, wa kizimbani ataenda wapi. Ndo maana miaka ya 1980 Garth Fletcher wa chuo kikuu cha hapa na Choy Hew walijaribu kumwekea samoni jeni ya gayogayo huyu. Jeni ikaingia na ikarithiwa, lakini protini iliyotoka ilikuwa kidogo mno haikumsaidia kitu kwenye baridi. Jaribio lile lile likazaa jambo jingine, wakachukua swichi ya jeni ya samaki wa baridi anaitwa ocean pout, ana mwili kama mkunga, wakaiunganisha na jeni ya homoni ya ukuaji ya samoni mwingine. Akatoka samoni anayekua haraka, Marekani wakamruhusu kuliwa mwaka 2015. Watu wengi wanasema yule samoni anavumilia baridi, hapana, alikopeshwa swichi tu.

Mwl_Bayo

Hapo kwa Mzaramo pananipa hamu ya kuandika kuhusu asili ya hizi protini, sababu kwangu mimi hii ndo sehemu tamu kuliko zote na wanafunzi wangu nikiwafundisha mageuko ya viumbe naanzia hapa siku hizi, sianzii kwenye shingo ya twiga.

Bahari ya kusini haikuwa hivi zamani. Ilikuwa ya vuguvugu, bara la Antaktika lilipoachana na Amerika ya Kusini mkondo wa maji ukapata njia ya kulizunguka pande zote, maji ya joto yakakosa pa kupita, bahari ikapoa, samaki wengi wakaisha. Ukoo mmoja ukabaki ukatawala, ukoo wenye hiyo protini ya sukari. Walipoitoa jeni yake, Cheng na DeVries na mwenzao Chen mwaka 1997, wakakuta imetokana na jeni ya tripsinojeni. Tripsinojeni inatoka kwenye kongosho na ndo inayogeuka kuwa kimeng'enya cha kusaga protini kwenye chakula! Kipande kidogo ndani ya jeni ile kilichokuwa na herufi za threonini alanini alanini kikajirudia rudia mara nyingi, na mkia na kichwa vya jeni ya zamani vikabaki. Sasa rudini kwenye alichosema Bint Pemba, kwamba inatengenezwa kwenye kongosho na kumwagwa utumboni. Inafuata njia ile ile ya babu yake. Na utumboni ndo mlango ambao barafu inaingilia.

Alafu kaskazini huko Aktiki kuna samaki wa jamii ya cod, Boreogadus saida, hana undugu wa karibu na hawa wa kusini hata kidogo, na yeye ana protini ile ile, threonini alanini alanini na sukari yake. Kundi la Cheng likaonyesha mwaka 2019 kwamba kwake imetoka kwenye sehemu ya DNA ambayo haikuwa na kazi ya kutengeneza protini yoyote. Sehemu tupu! Yani baridi ile ile, jibu lile lile, njia mbili hazijuani. Na heringi na smelti wao wana protini ya aina nyingine inayofanana mno, Laurie Graham na Peter Davies wa chuo kikuu cha Queen's huko Kanada wameonyesha ushahidi kwamba jeni yenyewe iliruka kutoka kwa heringi kwenda kwa smelti. Samaki kumpa samaki wa jamii nyingine jeni, jambo ambalo kwa wanyama wenye uti wa mgongo huwa tunasema halitokei.

mama_Ayaan

Samahanini wataalamu, mimi nina swali la upande wa chakula. Nilisikia zamani kuna nyanya waliiwekea jeni ya samaki isioze na baridi, na pia kuna aiskrimu ina protini ya samaki. Hii ni kweli? Mwanangu ana mzio wa samaki kwaiyo nauliza kwa uchungu kweli.

Bint_Pemba

Dada mama Ayaan, nyanya ni kweli ilijaribiwa, kampuni moja ya Marekani ilipata ruhusa ya kuipanda shambani kwa majaribio mwaka 1991, ikiwa na jeni ya huyo gayogayo wa baridi. Haikufika sokoni, haijawahi kuuzwa popote. Picha ya nyanya yenye mapezi ndo imebaki mitandaoni.

Aiskrimu ni kweli na iliuzwa. Unilever walitumia protini ya yule ocean pout, ila haichukuliwi kwa samaki, inatengenezwa na hamira iliyowekewa jeni hiyo. Ulaya waliiruhusu mwaka 2009 baada ya kupimwa usalama na upande wa mzio walipima pia, hawakuona kwamba ina hatari kwa wenye mzio wa samaki, protini inayosababisha mzio wa samaki kwa watu wengi ni nyingine kabisa. Hata hivyo kwa mtoto wako soma lebo na muulize daktari wake, usitegemee maneno yangu ya mtandaoni kwa jambo la mzio.

Kazi yake kwenye aiskrimu si kuzuia isigande. Ni kuzuia punje za barafu zisikue. Aiskrimu ikikaa friza joto linapanda linashuka, punje ndogo zinayeyuka na kuungana na kubwa, mwisho unakula kitu kinachokwaruza ulimi. Protini hizi kiasi kidogo sana kinatosha kuzuia hilo.

Muuza_Changu_Tanga

Hapo hapo dada! Hilo la punje ndogo kuungana na kuwa kubwa ndo linalonitesa mimi. Umeme ukikatika masaa kadhaa ukarudi, samaki anaganda tena vizuri tu, ila mteja akimyeyusha anatoa maji mengi, nyama inakuwa kama sponji, wananilaumu nimeuza samaki wa zamani. Kwaiyo ni kitu kimoja? Na hiyo protini inapatikana wapi nikainunua?

Bint_Pemba

Ni kitu kimoja, kaka. Punje kubwa inachana utando wa seli kwenye nyama, ukiyeyusha maji yote yaliyokuwa ndani ya seli yanamwagika. Protini yenyewe usiihangaikie, kuitengeneza ni ghali, inatumika kwa miligramu maabara, haitakulipa kwenye changu.

Mzaramo_Newfoundland

Niongezee kwa uzoefu wa kiwandani huku. Gandisha haraka, samaki mmoja mmoja ametandazwa, usirundike wa moto juu ya walioganda. Punje zikiumbwa haraka zinakuwa ndogo. Akishaganda kabisa mchovye kwenye maji baridi sana sekunde chache mrudishe, apate koti jembamba la barafu nje, rudia mara mbili, hilo linazuia nyama kukauka. Alafu jaza friza, friza iliyojaa umeme ukikatika inashika baridi muda mrefu kuliko yenye nafasi, ukikosa samaki jaza chupa za maji ya chumvi zilizoganda. Na usifungue mlango kuchungulia.

Muuza_Changu_Tanga

Chupa za maji ya chumvi hiyo sikuijua, hiyo ntaanza nayo kesho. Chumvi kiasi gani kwa chupa ya lita moja na nusu?

Mzaramo_Newfoundland

Vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa vinatosha, usiweke zaidi maana itachelewa kuganda na friza za nyumbani nyingi hazishuki chini ya -18. Acha nafasi juu ya chupa, barafu inavimba, ukijaza mpaka mdomoni inapasuka.